Mkalimani wa Boma na Picha ya Darajani

Ukoo wake siujui, na wala sitajitia kuujua sasa. Alitoka upande wa Kondoa, Mrangi, Mwislamu wa kuswali hasa, akaja kuishi kwetu Ugogo wakati wa Wadachi, hao Wajerumani, na sisi sote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Mkalimani. Jina lake lilikuwepo bila shaka. Lakini hata mkewe alisimama mlangoni akapaza sauti, "Mkalimani, ugali unapoa!" Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Nyumba yake ilikuwa jirani na tembe la baba yangu, upande wa Makutupora, tukichota maji kisima kimoja. Mimi nilikuwa nimeolewa pale pale karibu, nina mtoto mgongoni, na kila asubuhi nilipeleka maziwa bomani kwa Wadachi. Huko ndiko kulikokuwa na kazi yake yeye. Tuliandamana miaka mingi, yeye mbele na pindo la kanzu mkononi lisiguse vumbi, mimi nyuma na kibuyu kichwani. Kiswahili hiki ninachosema nilikiokota njiani humo, nyuma ya mgongo wake.

Kukiokota hakukuwa rahisi, maana mtu yule alikuwa na kero! Ukikosea neno, alisimama. Jua linawaka, maziwa yanaganda, yeye amesimama. Anakuambia rudia ulichosikia. Unarudia. Ananyamaza kidogo, midomo ameikunja kama anaonja chumvi ya mboga, halafu anasema, "Sivyo nilivyosema." Ananyamaza tena. "Lakini inatosha." Hapo ndipo safari inaendelea.

Hiyo ilikuwa kauli yake kwa kila mtu. Ukimpelekea mkewe ujumbe wake na mke akajibu vingine, sivyo nilivyosema, lakini inatosha. Imamu aliyepita na msafara akaeleza jambo la dini kwa namna isiyompendeza, alimshukuru kwa maneno hayo hayo, na imamu akaondoka amenuna. Sisi wanawake wa kisimani tulimcheka waziwazi. Mwenzetu akijaza mtungi nusu tunamwambia, "Lakini inatosha!" tunashika mbavu, naye Mkalimani yupo pale pale anasubiri zamu, anajifanya hasikii.

Alikuwa na majivuno ya nguo. Nchi yetu hii, mnaijua, vumbi lake ni jekundu na halina adabu, naye akaamua kupigana nalo kwa kanzu nyeupe. Aliifua kwa mkono wake, hakumwamini mkewe, akaianika juu ya miiba, kisha akakaa chini kuilinda mbuzi wasiitafune. Ukipita ukamkuta na shuka kiunoni analinda kanzu, ungemwamkia tu ukaenda zako.

Na aliogopa ng'ombe. Jamani! Mtu anaishi Ugogo, anaogopa ng'ombe. Wadachi wenye bunduki aliwasemesha usoni bila kupepesa, lakini ndama akipiga kwato tu, Mkalimani yuko nyuma yangu ameshika kaniki yangu. Baba yangu alimtania sana kwa hilo. "Njoo nikupe mtamba," angemwambia. "Nitamfunga kamba mdomoni asikutukane." Mkalimani alicheka pia, lakini kwa mbali, upande wa pili wa ua.

Sasa niseme kuhusu kazi yake.

Siku moja bibi mmoja alikuja barazani bomani, hasira zimempanda hadi kichwani. Askari walikuwa wamemchukua mbuzi wake. Akasimama mbele ya Bwana Mkubwa, ndivyo tulivyomwita yule Mdachi mwenye boma, akanyoosha kidole, akasema kwa Kigogo, "Mwambie huyu mwenye uso wa maziwa yaliyochacha kwamba watu wake wamekula mbuzi wangu, na yeye fisi wamle, waanze miguuni." Mimi nilikuwa nimeshusha kibuyu, nikaganda. Mkalimani akageuka, akasema Kidachi kirefu, sauti ya chini, mikono ameikusanya tumboni. Bwana Mkubwa akatikisa kichwa kwa huruma. Jioni yake bibi akapewa mbuzi mwingine, mnene kuliko wa kwanza.

Njiani nikamuuliza, "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mama huyu anakuombea afya, na anajua haki haipotei mbele yako."

"Lakini hakusema hivyo!"

"Alitaka fisi au alitaka mbuzi?"

Na kutoka upande wa pili alifanya vile vile. Bwana Mkubwa angefoka mpaka mishipa ya shingo inasimama, na Mkalimani akatugeukia akasema, "Bwana anasema amewasikia, mrudi keshokutwa." Watu walikwenda nyumbani wakimsifu Bwana kwa upole wake. Siku hizi najiuliza kama kulikuwa na hata mtu mmoja, upande wowote, aliyewahi kusikia alichoambiwa na mwenzake pale barazani.

Lakini mkumbuke jambo moja. Mtu huyo huyo, nyumbani kwake, hakuweza kusema uongo hata wa kumfariji mgonjwa. Mume wangu alimwonyesha ua mpya wa miiba uliomchoma vidole siku nyingi akiujenga, akitaka sifa. Mkalimani akauzunguka, akasema, "Fisi ataingilia hapa." Mkewe alimuuliza kama amezeeka, akajibu ndiyo. Mama yangu alimpikia mlenda, akauliza umeuonaje, akaambiwa umezidi magadi. Mama akacheka, maana kweli ulikuwa umezidi. Wakati ule mama yangu alikuwa anampenda sana.

Nilimuuliza inakuwaje mtu mmoja awe hivyo na hivyo. Akasema, "Maneno ya bomani si yangu. Mimi nayabeba tu. Ya nyumbani ndiyo yangu." Nami nikaona ni jibu la kutosha kwa mtu mwenye kazi kama yake. Mambo yaliyotokea baadaye ndiyo yaliyonifanya nilitafune tena na tena.

Picha sasa. Ilitundikwa barazani, nyuma ya kiti cha Bwana Mkubwa, kwa sababu chumbani mwake mchwa walikuwa wengi. Ilikuwa ya rangi za mafuta, ya zamani sana, imeingia weusi wa moshi. Mama yake Bwana alitoka nchi ya Waholanzi, watu wa jirani na Wadachi, na picha ilikuwa ya kwao. Ilionyesha mfereji mpana wa maji na daraja juu yake. Upande huu wa daraja kuna wanaume wenye bunduki, wamefunga vitambaa vyeusi kwenye kofia. Upande ule kuna wanaume wengine wenye bunduki, vitambaa vyao ni vya rangi ya kutu, kama udongo tunaojipaka. Moshi unatoka kwenye bunduki. Mmoja ameanguka chali na kofia yake imebingirika. Mwanamke amechungulia dirishani ameshika sufuria, hajui aiweke wapi. Na katikati ya daraja, peke yake, yupo mtu amesimama, mkono ameuinua juu, mdomo wazi.

Sura zao zilikuwa moja. Hicho ndicho kilichowasumbua wazee wetu walipokuwa wakisubiri mashauri. Wazungu kwa Wazungu, nyumba zile zile, viatu vile vile, wanapigana risasi. Hatukuwahi kufikiri kwamba wao kwa wao wanafanyiana hivyo.

Baba yangu ndiye aliyeuliza. Niseme hapa baba alikuwa nani. Alikuwa mwenye mawe ya mvua, yaani mwombaji mvua wa nchi yetu. Mbegu hazikuguswa mpaka aseme, na watu waligombana wakamaliza ugomvi wao mbele yake. Hakuwa mtu wa kutisha. Alipenda ugoro na utani, na alikuwa na kikohozi kilichomtambulisha kabla hajafika. Siku hiyo aliitwa bomani kwa ajili ya watu wa kulima barabara, akaikodolea macho ile picha, akasema, "Mkalimani, hawa wanafanya nini?"

Mkalimani hakujua. Alikuwa hajawahi kumuuliza Bwana. Lakini kusema sijui kulikuwa kugumu kwake kuliko kumshika ng'ombe mkia. Akaitazama picha, akautazama ule mfereji umejaa maji, akamtazama baba na kaniki yake begani.

"Hawa wenye kitambaa cheusi," akasema, "wanaomba mvua. Wale wengine wanaizuia."

Msiojua mambo yetu niwaambie. Kwetu weusi ni wingu. Ukiomba mvua unavaa nyeusi, unatoa ng'ombe mweusi asiye na doa, na wekundu unakaa mbali kwa sababu ni jua na ni damu. Kwa hiyo baba alifurahi mpaka akapiga makofi. "Kumbe! Kumbe hawa nao wanajua! Na maji hayo hapo, yamekuja! Na huyu wa katikati ni nani?"

"Huyo ni mkalimani wao," akasema Mkalimani. "Anawaambia waache."

Baba alirudi nyumbani na habari hiyo, akaieneza kila tembe aliloingia. Bwana Mkubwa kwao ni watu wa mvua. Wazee walitikisa vichwa, wengine wakasema ndiyo maana ameitundika juu ya kiti chake.

Wiki ile ile Mkalimani alikuja kuujua ukweli. Bwana Mkubwa alimkuta ameduwaa mbele ya picha, akamweleza. Wale weusi walikuwa waasi. Walichoka na mtawala wao, wakashika bunduki mtaani kwao wenyewe, na aliyelala chali ni babu wa babu wa mama yake Bwana, wa upande wa mtawala, ameuawa na jirani yake. Bwana alikua akiitazama picha hiyo tangu akiwa mtoto. Mkalimani akauliza, na huyu wa darajani anawatuliza? Bwana akacheka. Walikuwa wa lugha moja, akasema, watulizwe na mkalimani wa nini? Huyo ni mkubwa wao. Anaamuru wapige.

Haya yote hakutuambia. Alituambia siku ambayo hayakusaidia kitu tena. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema baba alikuwa amefurahi, akataka amwache afurahi kidogo, amwambie siku nyingine. Na nadhani kulikuwa na lingine ambalo hakulisema. Hakupenda yule wa darajani awe mtu wa kuamuru.

Kisha ukaja mwaka wa jua. Mawingu yalipita juu yetu yakaenda kwa wengine. Mtama ulichipua ukakauka ungali mfupi. Na wakati huo huo zikaja habari za vita vya kusini, kwamba watu wa huko wameinuka dhidi ya Wadachi, na boma letu likaongezewa askari. Bwana Mkubwa hakunywa tena maziwa yangu kabla mpishi hajayaonja mbele yake. Nilicheka kwa jambo hilo. Sikujua kwamba mtu anayeogopa maziwa anaweza kuogopa chochote.

Baba alitoa mbuzi mweusi, kimya. Akatoa kondoo, kimya. Akakaa akafikiri, akasema kosa amelijua: nchi sasa ina wakubwa wawili, yeye na Bwana wa boma, na mmoja akiomba peke yake mvua haimsikii. "Twende tumwombe aombe pamoja nasi," akasema. "Ni mtu wa weusi. Tumeona sote."

Tukajipanga. Mikuki baba aliikataza kabisa, mvua haiombwi kwa chuma. Kila mtu alivaa kaniki, na asiyekuwa nayo aliitia nguo yake tope la kinamasi na masizi mpaka ikawa nyeusi. Mbele alikwenda baba na ng'ombe dume mweusi, nyuma wanaume, nyuma yao sisi wanawake na vibuyu vya maji, tunaimba. Mama yangu alikuwa pembeni yangu. Alikuwa amefurahi, Mungu wangu, alikuwa amefurahi kama bibi harusi.

Mnajua Bwana Mkubwa aliona nini. Aliona watu waliovaa weusi mtupu wanakuja na wimbo, wakati kusini kunaungua, na nyuma ya kiti chake babu yake amelala chali.

Askari walipanga mstari, bunduki juu. Wimbo wetu ulikatika kipande kipande, wa mbele walinyamaza na wa nyuma wanaendelea, hawajaona. Baba hakusimama. Alipaza sauti yake ya kikohozi, akaamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, Bwana! Mbukwenyi!" akamvuta ng'ombe hatua nyingine. Bwana Mkubwa alikuwa anapiga kelele kwa Kidachi. Na hapo Mkalimani akatoka mlangoni, akashuka ngazi za baraza na kanzu yake nyeupe, akasimama katikati, kati yetu na bunduki. Akainua mkono. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Nikasema moyoni, ni yule wa darajani.

Alisema Kidachi kwa haraka. Bwana akamjibu. Akasema tena. Kisha akatugeukia na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kaeni chini! Wote! Vichwa chini, sasa hivi!" Tukaanguka. Nilimfunika mtoto wangu kwa mwili, nikala vumbi, nikasubiri. Hakuna bunduki iliyolia. Nilipoinua macho, askari wawili walikuwa wamemshika baba mikono, wanampandisha ngazi.

Naye alikuwa anatabasamu! Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Alidhani amekubaliwa. Alidhani anaingizwa ndani wakaombe mvua pamoja. Aligeuka akatupungia mkono, akamtazama Mkalimani, akamshukuru kwa kichwa.

Walimpeleka pwani kwa mnyororo. Hakurudi. Tuliambiwa alikufa kwa kikohozi chake, wapi, hatujui. Na mvua ilinyesha muda si mrefu baadaye, kubwa, mito ikajaa mchanga na maji, na watu wakasema dua ya mzee imepokelewa. Mimi nilisimama mlangoni nikailaani.

Tangu hapo watu waligawanyika. Wengine walisema Mkalimani alituokoa, bila yeye tungelala wote pale. Wengine walisema amemuuza mzee. Sote tulikuwepo, na hakuna aliyejua Kidachi. Mama yangu hakuwa upande wowote. Alisema, "Nataka kujua kitu kimoja. Alimtaja, au Bwana alimchagua mwenyewe kwa kuwa alikuwa mbele? Basi." Alimsimamisha pale kisimani akamuuliza, kwa Kigogo, mbele yetu. Mkalimani akaangalia mtungi wake. Akasema, "Maneno ya bomani si yangu, mama." Mama akachukua maji yake akaondoka. Hakumsemesha tena. Yeye akija kisimani, mama anaondoka, hata mtungi ukiwa nusu.

Mama hakuolewa tena, hakurithiwa na shemeji, alikataa. Alisema hawezi kufunga maombolezo ya mtu ambaye hajui aliondokaje duniani. Kaniki ile ya siku ile aliendelea kuivaa mpaka ikawa kama wavu. Watoto wangu walikua wakimjua bibi yao kwa nguo hiyo.

Sasa sikilizeni kituko cha mtu huyu. Mama alibaki na ng'ombe wachache na hakuna wa kuwachunga vizuri. Jioni moja tunamwona Mkalimani anatoka porini, fimbo mkononi, kanzu ameikunja kiunoni, anawaswaga ng'ombe wa mama kuja nyumbani. Alikuwa anatetemeka! Dume likigeuza shingo anaruka pembeni, anasoma aya, anarudi. Wanawake tukataka kucheka, kicheko hakikutoka. Kesho yake akaja tena nao. Alifanya hivyo miaka na miaka, akitoka bomani tu anapitia malishoni, na hata siku moja hakuzoea. Kanzu zake zilijaa kinyesi cha ng'ombe naye hakuzilinda tena. Mama hakumshukuru. Lakini mlango wa zizi aliuacha wazi mpaka ng'ombe wafike, na hakumruhusu mtu mwingine akawalete.

Mimi niliendelea kuandamana naye asubuhi. Nilimchukia siku nyingine, siku nyingine nikamwonea huruma, na mara nyingi vyote viwili kabla hatujafika bomani. Kazi yake aliifanya kama zamani, akilainisha huku na huku. Tofauti ni kwamba alikuwa akigeuka kuitazama ile picha kila anapoanza kusema.

Kisha vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe vikafika hata kwetu. Wazee waliobaki hawakushangaa sana, walikuwa wameshaiona picha. Wadachi walichukua nafaka na ng'ombe, wakakimbia. Waingereza wakaja, wakachukua waliobaki. Njaa iliyofuata sitaisimulia hapa. Boma lilipoachwa wazi, watu walibeba milango, viti, mabati, kila mtu na chake. Mkalimani alibeba picha. Waingereza hawakuhitaji Kidachi chake, akawa mzee tu wa jirani, na baada ya mkewe kufa alikaa peke yake.

Siku ile ya mwisho ninayotaka kuwaambia, alikuwa amepata kiharusi. Upande mmoja umelala. Lugha zilimtoka moja moja, watu walisema. Kidachi kilitangulia, halafu Kigogo, akabaki na Kiswahili na Kirangi chake. Mama yangu naye alikuwa amekwisha zeeka, haoni vizuri, na Kiswahili hakuwahi kukijua zaidi ya kuamkia. Asubuhi akaniambia, "Nipeleke kwa Mkalimani." Alikuwa amejaza kibuyu kidogo cha maziwa. Nikauliza ni ya nani. Akasema, "Sijui bado."

Tulimkuta ameegemea ukuta, kanzu imefuliwa, jirani mmoja alikuwa akimsaidia. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu." Picha ilikuwepo, ameigeuza uso ukutani. Mama akaipapasa, akauliza ni nini, nikaigeuza. Mchwa walikuwa wamekula chini kote. Maji yameisha, daraja limebaki linaning'inia, na yule mtu bado ameinua mkono. Mama hakuwahi kuiona maishani mwake. Aliisogelea mpaka pua ikagusa.

"Huyu wa darajani ndiye yeye?" akauliza.

"Ndiye yeye," nikasema.

Akaketi. Akaweka kibuyu mapajani. "Muulize," akaniambia kwa Kigogo. "Muulize alimtaja, au hakumtaja."

Macho ya Mkalimani yalijaa maji kabla sijafungua mdomo. Nikadhani ni ugonjwa. Nikamuuliza kwa Kiswahili, vizuri, neno kwa neno, kama alivyonifundisha.

Mdomo wake ulikuwa mzito, lakini kila neno alilitoa zima. "Nilimtaja. Bwana alisema, nipe kiongozi wao au napiga wote. Mkono wangu ungali juu, nikasema ni huyu mwenye ng'ombe, wengine wamemfuata tu. Sikumuuliza mzee." Akapumua. "Ningeweza kumuuliza. Nafasi ilikuwepo. Niliogopa angekubali, na mimi nimsikie anakubali. Mwambie hivyo. Haya ni yangu. Mwambie kama nilivyosema."

Mama alikuwa ameinamisha sikio upande wangu. Mikono yake juu ya kibuyu, ile kaniki iliyochakaa mabegani. "Anasema nini?"

Jamani, miaka yote ile! Nilikuwa nimejiambia siku nikilijua neno lile nitalipeleka kwa mama kama lilivyo, liwe tamu liwe chungu. Nikamtazama Mkalimani. Nikamtazama mama yangu anavyosubiri, shingo yake nyembamba. Nikasema kwa Kigogo:

"Anasema baba ndiye aliyemwambia. Baba alimwambia, nitaje mimi, waache hawa."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikaogopa, kumbe analia na kucheka pamoja. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ndivyo alivyokuwa mume wangu. Alijua! Mimi nilidhani amekwenda kama ng'ombe, hajui. Kumbe alijua!" Akayapangusa mashavu kwa pindo la kaniki, akajikokota mpaka kwenye mkeka wa Mkalimani, akamshika kisogo kwa mkono wake, akamnywesha maziwa taratibu, akimfuta kidevu yanapomwagika.

Alipomaliza, Mkalimani alinitazama. Akaikunja midomo upande ule mzima, nikajua. Kumbe Kigogo kilikuwa bado masikioni mwake, kimya, chote.

"Sivyo nilivyosema," akasema.

Nikasubiri. Nilikuwa natetemeka kama yeye mbele ya ng'ombe.

"Lakini inatosha."

Mama akageuka. "Anasema nini tena?"

"Anakushukuru kwa maziwa," nikamwambia.